Hatari au Hoi

Nchi tunayoisimulia ina jina zuri sana, lakini jina hilo ni mali ya serikali na haliruhusiwi kutoka nje bila kibali. Tutaliacha likae ndani. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya amani. Amani yake inalindwa na vikosi kumi na kimoja, na mwananchi asiyeiona huoneshwa kwa rungu mpaka aione.

Katika nchi hiyo aliishi Mwanakheri Shemdoe, muuguzi wa wodi ya majeruhi katika Hospitali Kuu. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mfupi, mikono mipana kama ya mkanda unga, na ulimi ambao madaktari wapya waliuogopa kuliko mitihani. Kichwani alivaa ushungi mweusi. Kwa miaka kumi na tisa ushungi huo haukuwa habari. Watu wanaovuja damu hawana tabia ya kuuliza nguo ya muuguzi ina maana gani.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Mwanakheri alitoka zamu akapitia sokoni. Alikuwa anachagua bamia, anazivunja ncha moja moja kama wafanyavyo wanaozijua, wakati mtungi wa gesi wa Gervas Mtweve, mwuza chipsi, ulipolipuka. Banda lilipaa. Karai la mafuta ya moto lilimshukia mwuza mitumba. Mabati yaliruka kama mapanga, na moja lilimpitia mchoma mahindi shingoni. Akabaki ameketi kwenye kigoda chake, kichwa kimelala begani kama mtu aliyesinzia. Gervas mwenyewe alitupwa mtaroni, paja limepasuka, damu inaruka kwa mapigo.

Waliokuwa na akili walikimbilia nje. Mwanakheri alikimbilia ndani. Aliokota kisu cha kumenyea viazi, akaichana suruali ya Gervas, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, akakiuma kile kisu kwa meno. Akampigia goti pajani, akaukandamiza mshipa, akavua kanga aliyojitanda juu ya gauni akaufunga mguu, akaikaza kanga kwa kuizungusha na mpini wa upawa.

"Nesi, nakufa," alilia Gervas.

"Utakufa siku yako," alisema Mwanakheri, kisu kikiwa bado mdomoni. "Tulia. Jina lako nani?"

Kabla Gervas hajajibu, mtu mmoja aliyesimama juu ya gari bovu aliwapiga picha.

Gesi ya nchi ile hailipuki. Jambo hilo liko kwenye sheria, kwa sababu msambazaji wake ni shemeji wa Rais. Basi kama gesi haikulipuka na soko limelipuka, lazima pana mtu. Serikali haikupata tabu kumtafuta mtu huyo, maana picha yake ilikuwa tayari imesafishwa.

Gazeti la *Sauti ya Dola* liliitoa Jumatano, ukurasa mzima: ushungi mweusi, kisu katika meno, damu mpaka viwiko, na chini yake mwanamume anapiga kelele. Maandishi yake yalisema: GAIDI WA KIKE AMALIZA ALICHOANZA. Gazeti la pili, *Mwanga wa Haki*, linasomwa na watu wapole wanaopenda kuhurumia. Hilo liliichukua picha ile ile, likakikata kisu, likaikata damu, likamkata na Gervas, likabakisha macho mawili mekundu kwa moshi. Likaandika: ANALIA KIMYAKIMYA. NANI ATAMWOKOA NA DINI YAKE?

Mpaka Jumatano jioni nchi ilikuwa imegawanyika sawasawa. Upande mmoja ulisema mwanamke wa Kiislamu ni Hatari. Upande wa pili ulisema ni Hoi. Watu walitiana ngeu kwenye vilabu vya pombe wakiligombania jambo hilo. Walio upande wa Hatari wakimwona mwanamke mwenye ushungi barabarani walimpiga marungu asije akawalipua. Walio upande wa Hoi wakimwona huyo huyo walimvuta mikono, huyu kulia yule kushoto, wakaurarua ushungi wake, ili wamwokoe. Alhamisi, makundi hayo mawili yalikutana kwa mwalimu wa hisabati aitwaye Rehani, mwanamke mwenye ushungi, aliyekuwa amesimama nje ya shule yake akisubiri mvua ikatike. Kila upande uliondoka na kiasi chake.

Mwanakheri alimpokea wodini. Bega limechomoka, mbavu zimeingia ndani, ngozi ya kichwa imetoka na nywele zake.

"Walikuwa wangapi, dada?" aliuliza Mwanakheri, maana fomu ya polisi ilitaka hesabu.

Mwalimu Rehani alifikiri kwa uangalifu, kama aliyezoea kufikiri. "Wa kunipiga," alisema, "au wa kuniokoa?"

Alikata roho kabla ya adhuhuri. Mwanakheri alimfumba macho, akaenda kwenye sinki kunawa, akanawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akavaa viatu vyake vya kutokea akaenda kwenye ofisi za gazeti.

Mhariri wa *Sauti ya Dola* aliitwa Telesfori Mang'wela. Kwa kuwa nchi ile ina uhaba wa watu wa kuaminika, yeye pia ndiye aliyekuwa mtangazaji wa mdahalo mkubwa wa televisheni, *Meza ya Taifa*. Alimkaribisha Mwanakheri kwa adabu nyingi, akasukuma kiti chake nyuma mpaka kikagota ukutani.

"Mimi ndiye wa kwenye picha," alisema Mwanakheri.

Telesfori alitazama picha, akamtazama yeye. "Hapana, mama. Wa kwenye picha ni mrefu."

"Nilikuwa nimepiga magoti! Umemjuaje kuwa mrefu?"

"Kwa matendo yake."

"Bwana mhariri, mimi ni nesi. Huyo niliyemkalia anaitwa Gervas, yuko wodi namba tatu, mguu unapona, kutwa kucha anadai supu ya kongoro. Tuma mtu amwulize. Ni mwendo wa dakika kumi."

"Mama yangu, nielewe," alisema Telesfori kwa huruma ya kweli. "Picha hii imeonwa na watu milioni tatu. Wewe umeonwa na nani?"

"Leo mwalimu wa watu ameuawa kwa ajili ya picha hii."

"Nimesikia. Inasikitisha. Tumempa ukurasa wa pili." Akamwonesha ukurasa wenyewe, wino bado mbichi: MSHIRIKA WA GAIDI AFA KATIKA MAZINGIRA YA KUTATANISHA.

Mwanakheri aliinuka.

"Usiondoke na kinyongo," alisema Telesfori. "Jumamosi saa tisa njoo kwenye *Meza ya Taifa*. Mada ni hiyo hiyo: Hatari au Hoi? Wananchi watapiga kura kwa simu."

"Na ambaye si hatari wala si hoi?"

"Kipindi ni saa moja tu, mama."

Aliporudi nyumbani aliukuta mlango umelala barazani. Haukuwa umefungwa, mlango ule haukufungwa mchana tangu nyumba ijengwe. Lakini Kikosi cha Ukombozi wa Akina Mama kilikuwa kimepewa nyundo, na mtu hapewi nyundo bure. Sebuleni, mchele ulikuwa umemwagika sakafu nzima. Katikati ya mchele alikaa Bi. Mize, mama wa marehemu mumewe, mwenye miaka sabini na mitatu, kichwa wazi, mvi zimetimka, mkono wa kushoto umepinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Mbele yake Kapteni Ngwale, mkuu wa kikosi hicho, alikuwa anamsomea tamko.

"Kwa mamlaka niliyopewa," alisoma Kapteni, "natamka kwamba kuanzia sasa wewe, ajuza, uko huru kutokana na minyororo yote, ikiwemo ya nguo."

"Mmemfanya nini mama yangu?" alipiga kelele Mwanakheri.

"Aliung'ang'ania ushungi," alisema Kapteni. "Tukalazimika kumpiga kitako cha bunduki ili auachilie kwa hiari."

Bi. Mize aliinua uso. Midomo ilikuwa myeupe, lakini sauti haikupungua. "Mwanangu, uhuru wa kwanza ulinichukulia mume. Wa pili ukanichukulia meno. Huu umechukua mkono. Mwambie huyu baba, wa nne ukija, naomba unikute nimeshakufa."

Mwanakheri alipiga magoti kwenye mchele. Alivunja ubao wa mlango ule ule, akamfunga mkwewe mkono, akimnong'oneza "pole mama, pole, vumilia" kwa sauti ambayo wagonjwa wake hawakuwahi kuisikia. Alipomaliza, askari mmoja alimsogelea kwa haya. Alikuwa amejigonga kidole kwa nyundo, ukucha umening'inia.

"Samahani, nesi. Na mimi kidogo."

Mwanakheri alimtazama. Kisha akakifunga kile kidole, kwa sababu kilikuwa kidole, ingawa alikikaza kuliko vitabu vinavyosema. Askari alilia machozi akashukuru.

"Jumamosi nakwenda kwenye televisheni," alisema Mwanakheri walipoachwa peke yao.

"Usiende. Wale hawatafuti mtu wa kusema. Wanatafuta mtu wa kusemwa."

"Nitakwenda na Gervas. Watamsikia yeye. Ndiye aliyelipukiwa, na si Mwislamu. Watasemaje?"

Bi. Mize alianza kuokota mchele kwa mkono mmoja.

Jumamosi ukumbi wa televisheni ulijaa watu mia mbili, mia moja wa Hatari na mia moja wa Hoi, wote wamekaguliwa mlangoni na kuruhusiwa kuingia na fimbo zao. Kwenye meza walikaa wajuzi watatu. Wa kwanza Kapteni Ngwale. Wa pili Profesa Kwilasa, aliyeandika kitabu kinene juu ya nafsi ya mwanamke wa Kiislamu baada ya kukaa siku tisa katika hoteli iliyotazamana na msikiti. Wa tatu Sheikh Hambali wa Serikali, ambaye kilemba chake kilitoka stoo ya wizara. Mwanakheri aliwekwa pembeni, kwenye kiti kirefu cha kuzunguka, ili kamera zimpate vizuri.

Telesfori alifungua mdahalo kwa kuuliza kama mgeni aruhusiwe kusema.

"Haifai," alisema Sheikh Hambali. "Sauti ya mwanamke ni jambo zito. Mimi nitamsemea, kama ninavyowasemea wote."

"Hata akisema haitusaidii," alisema Profesa. "Akisema ana shida, ana shida. Akisema hana shida, basi hiyo ndiyo shida yenyewe. Nimeieleza katika sura ya nne."

"Na akifungua mdomo," alisema Kapteni, "tutajuaje kama hatoi ishara kwa wenzake?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile kwa jeshi, elimu na dini kukubaliana jambo moja. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Mwanakheri alifumbata vidole mapajani akasubiri. Alikuwa na shahidi.

Gervas aliingizwa kwenye kitanda cha magurudumu, amekonda, amenyolewa, anatabasamu. Hakuwahi kuonekana kwenye televisheni. Alipomwona Mwanakheri alimpungia mkono, akashika kipaza sauti karibu na meno.

"Mimi naitwa Gervas Mtweve," alisema, "naishi Mtaa wa Juu, nauza chipsi. Mama yule pale alinifunga—"

"Alikufunga!" alidaka Telesfori. "Wananchi, mnasikia? Alimfunga!"

"Mguu! Alinifunga mguu! Damu ilikuwa inaruka, akaukaba mshipa—"

"Akamkaba!"

"Mshipa, bwana! Akachukua kisu akanichana suruali—"

"Akamchana kwa kisu! Mungu wangu!"

Kelele za hasira zilipanda. Gervas alitazama huku na huku, jasho likimtoka. "Nisikilizeni! Huyu mama ndiye aliyenipa maisha!"

"Mhanga anadai maisha!" alipaza Telesfori, akiruka kutoka kitini. "Kifungo cha maisha! Mhanga mwenyewe ametoa hukumu!"

Fimbo ya kwanza ilimpata Mwanakheri kwenye sikio. Watu wa Hatari walishuka kwenye ngazi kama mawe. Watu wa Hoi wakashuka kuwazuia, na kwa kuwa hakuna aliyejua wa kumpiga ni yupi, walipiga kila kilichosogea. Taa kubwa ilianguka ikampasua Sheikh kilemba na kilichofunikwa nacho. Profesa aliingia chini ya meza akakanyagwa vidole, akawa anapiga kelele kwamba hilo nalo amelieleza. Mwanakheri alivutwa kutoka kwenye kiti kwa ushungi, akaburutwa, akapigwa teke la tumbo, akaona sakafu, viatu, sakafu.

Kisha akamwona Gervas. Alikuwa amejitupa kutoka kitandani amfuate, akitambaa kwa viwiko, akisema "mwacheni, mwacheni," na umati uliokuwa unakwenda kulipiza kisasi chake ulikuwa unapita juu yake. Mmoja alimkanyaga mgongoni. Mwingine kwenye paja, pale pale, mshono ukaachia. Mwingine, mtu mnene wa suti, alisimama kifuani kwake ili aone vizuri mbele, akipiga kelele: "Haki kwa Gervas! Haki kwa Gervas!"

Mwanakheri alitambaa. Mtu alimvunja mbavu kwa mguu wa kiti, akaendelea kutambaa. Alipofika aliweka mkono pajani, lakini damu haikuruka tena. Ilikuwa inatoka polepole, kama maji ya bomba linalokaribia kukatwa. Gervas alimtazama. Midomo ilicheza. Akasema neno, akafumba macho, na kifua chake, ambacho kilikuwa bado na alama za viatu, hakikuinuka tena.

Televisheni haikukatika hata dakika. Chini ya kioo yalipita maandishi: WANANCHI WAMWOKOA MHANGA.

Kura zilikuwa sawa kwa sawa. Serikali, ambayo haipendelei upande, iliamua kwamba Mwanakheri ni Hatari siku za kazi na Hoi mwishoni mwa juma. Jumatatu, basi, alikuwa amelala katika wodi yake mwenyewe, mbavu nne zimevunjika, mguu umetiwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Wauguzi wenzake walimhudumia bila kumtazama usoni, kwani mlangoni alikaa askari. Maumivu ya mbavu aliyaweza. Alichoshindwa ni kufumba macho, maana kila akifumba aliona mtu wa suti amesimama.

Saa sita mchana mwanamke mmoja aliyevaa kaniki ya msiba alifika mlangoni. Alikuwa Skolastika, mjane wa Gervas. Telesfori alimfuata na mpiga kamera, kwa kuwa makutano ya mjane na muuaji yangefaa sana kwa taarifa ya jioni. Lakini daktari wa zamu, kwa ujasiri uliomshangaza mwenyewe, aliwazuia kwenye korido. Askari alimruhusu mjane aingie, akageuka upande kwa heshima.

Skolastika alisimama juu ya kitanda. Alichomoa mchi wa kinu kutoka ndani ya kaniki, akauinua kwa mikono miwili, akapiga.

Mwanakheri alijipinda. Mchi ulimpata kwenye mtulinga, kati ya shingo na bega, mfupa ukalia kama kijiti. Hakupiga kelele, pumzi haikuwepo. Skolastika aliinua mara ya pili, mikono ikagoma huko huko juu. Akaketi ukingoni mwa kitanda na mchi mapajani, akihema.

"Siku saba hizi nasikia watu," alisema. "Yule mtangazaji nimemsikia. Kapteni nimemsikia. Profesa nimemsikia. Mume wangu kila akifungua mdomo, mtu mwingine anasema." Alimgeukia. "Wewe ulikuwa karibu naye. Alisema nini mwisho?"

Tangu mtungi ulipuke, nchi nzima ilikuwa imemsema Mwanakheri Shemdoe. Kumwuliza kilichotokea hakukuwa kumempitia mtu akilini.

"Alisema: 'Nesi, kwani mimi nazungumza lugha gani?'"

Skolastika aliuinamia mchi. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Mwanakheri hakujua kama ni kilio au kicheko mpaka alipouona uso; vilikuwa vyote viwili. "Ndiye," alisema Skolastika. "Ndiye huyo. Hata nyumbani alikuwa akisema hivyo hivyo nikikataa kumwelewa."

Aliinuka na mchi wake, akampita askari, akatoka koridoni. Telesfori alimsogezea kipaza sauti, uso umejaa simanzi iliyopakwa poda.

"Mama mjane, taifa linataka kujua. Unajisikiaje baada ya kumtazama muuaji usoni?"

Skolastika aliikabili kamera. Aliupandisha mchi juu ya kichwa akaishusha kamera chini kwa pigo moja, na pale sakafuni akaitwanga, taratibu, kwa mapigo sawasawa ya mtu anayetwanga kisamvu cha familia kubwa, mpaka kioo kikawa unga. Pigo la mwisho lilikikuta kiatu cha Telesfori kikiwa na Telesfori ndani. Yowe lake lilisikika mpaka wodi ya wazazi.

Mahali fulani chini filimbi ililia, na viatu vya askari vikaanza kupanda ngazi, vingi, kwa haraka.

Skolastika alirudi wodini. Alimkuta Mwanakheri amejaribu kuketi, mkono mmoja umeshika mtulinga uliovunjika. Aliuegemeza mchi ukutani, akamwekea mto mgongoni, akamfuta jasho kwa pindo la kaniki, akaketi pale pale alipokuwa ameketi.

"Haya, dada, nieleze," alisema. "Anzia asubuhi ile sokoni. Usiruke kitu."

Vishindo vilikuwa vimefika ghorofa ya pili. Mwanakheri alivuta pumzi kadiri mbavu zilivyomruhusu.

"Nilikuwa nachagua bamia," alisema.